Dawa ya Kupe na Panya wa Direktrisi

Ninyi vijana mnaofuga panya wa kulisha nyoka, mlio hapa Mweso na mlio kule Karuba, wekeni chini kwanza mlichoshika mnisikilize. Siwaandikii kwa sababu nimeukumbuka ujana wangu. Nawaandikia kwa sababu nina hofu. Jumatatu Furaha, mtoto wa mdogo wangu niliyemwachia masanduku yangu yote ya panya, alikuja kunisalimia, akakaa karibu na moto, akaniambia kama mtu anayeleta habari njema:

"Mama mukubwa, bile bidudu bya panya bimerudi. Lakini usisumbuke. Kesho nitaomba mujomba Désiré kadawa kidogo ka ng'ombe, nabapulizia, inaisha."

Nilipaliwa na chai. Furaha alidhani ninaumwa, akaanza kunipiga mgongoni. Nilipopata pumzi nilimwambia neno moja tu, asiende. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia nitamweleza, na nikashindwa kumweleza, kwa maana habari hiyo nimeisema mara moja tu maishani, na siku ile niliisema nimechelewa. Alipoondoka nikatafuta daftari.

Mjue kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikikosa cha kunihangaisha, nahangaika kwa nini kimekosekana. Nimefanya kazi ya panya zaidi ya miaka ishirini, na hakuna siku niliyotoa panya kwenye sanduku bila hofu. Wengine huona huo ni ugonjwa. Mimi naona katika kazi yetu ni nusu ya vifaa.

Nilizaliwa Karuba, katika nyumba ya ng'ombe na maziwa. Kwetu panya alikuwa mwizi wa maharagwe, basi. Niliolewa hapa Mweso, na hapa ndipo nilipokutana na Papa Anselme. Alikuwa mwalimu wa biolojia, amefundisha miaka mingi Walikale, kule kwenye joto na msitu, na alipostaafu alirudi kwetu kwenye baridi na masanduku mawili ya vitabu na gunia moja linalojisogeza lenyewe. Ndani ya gunia mlikuwa na chatu aliyemlea tangu alipokuwa mwembamba kama kidole. Alimwita Direktrisi, yaani mwalimu mkuu wa kike, kwa sababu anakutazama bila kupepesa jicho mpaka unaanza kukumbuka makosa yako. Alikuwa pia na nyoka mdogo wa kahawia, wa aina ile inayoingia nyumbani kufuata panya na isiyo na sumu. Huyo alipenda kujizungusha kiunoni mwake juu ya ukanda wa suruali, kwa hiyo akaitwa Mushipi.

Papa Anselme alikuwa amefiwa na mkewe na watoto wake wako mbali. Alizunguka shuleni na nyoka wake wawili akiwaonyesha watoto yupi wa kumwogopa na yupi wa kumwacha apite zake. Kwetu nyoka yeyote anapigwa jembe kwanza, maswali baadaye, na mara nyingi anayelishika jembe ndiye anayeumwa. Niliwahi kumwona akipita njia ya soko na Mushipi kiunoni, akiongea naye polepole kuhusu bei ya viazi, na nikaelewa kwamba wale hawakuwa vifaa vya kufundishia tu.

Alihitaji panya. Akaja kwangu.

"Mama Neema, weye unajua kuchunga. Panya njo mifugo tu, ila iko midogo."

Kaka yangu Désiré, mchunga ng'ombe wa Karuba, alinicheka mwaka mzima. "Sasa unachunga panya? Unabakamua saa ngapi?" Kila aliponiona aliniuliza kama panya wamezaa ndama. Nilicheka naye, lakini moyoni iliniuma, na huo uchungu wa kuchekwa uwekeni akilini, utarudi.

Nilianza vibaya. Kwa sababu nimetoka nyumba ya maziwa, niliwapa panya maji ya maziwa, yale yanayobaki tukitengeneza jibini. Kwetu kila kitoto kilichokonda kinapewa maziwa. Panya waliharisha wiki nzima. Kisha nikawatandikia unga wa mbao za mikaratusi kutoka kwa wapasua mbao, kwa kuwa ni wa bure na unanukia vizuri. Wakaanza kupiga chafya kama watu waliokaa kwenye moshi. Papa Anselme aliingia, akavuta pumzi moja tu, akanitolea masanduku yote nje. Tangu siku hiyo tunatandika majani makavu ya migomba au maganda ya mahindi yaliyokauka kabisa, na yanabadilishwa kabla hayajanuka, si baada.

Sasa nisikilizeni kuhusu swali lake. Siku ya kulisha nilikuwa nachagua panya, namuua haraka bila kumtesa, kisha namtia kwenye mfuko na kumtumbukiza kwenye maji ya moto hadi mwili wake upate joto la mwenye uhai. Hatukuwahi kumpa nyoka panya hai. Direktrisi ana kovu mgongoni, refu kama kalamu, la panya aliyeachwa naye kule Walikale wakati Papa Anselme hayupo. Nyoka asiye na njaa hulala tu, na panya mwenye njaa hamsamehe. Basi nilikuwa namletea Papa Anselme panya wangu wa moto, yeye anamshika mkia, anamtazama, kisha ananitazama mimi.

"Iko muzuri?"

Hampokei mpaka nijibu. Nilidhani ni salamu. Nilikuwa najibu "Iko muzuri, Papa" kama mtu anavyojibu habari za asubuhi, huku nikifikiria sufuria niliyoiacha motoni. Siku moja nilijibu hivyo, akamgeuza yule panya, akanionyesha pua yenye kigaga chekundu.

"Hii ilikuwa nakohoa. Hukusikia?"

Nilikuwa nimesikia. Kwa siku tatu nilikuwa nasikia kitu kama mlango unaolia ndani ya sanduku lile.

"Sasa juu ya nini unasema iko muzuri?"

Tulimzika yule panya nyuma ya nyumba, na Direktrisi akangoja wiki nyingine. Nyoka mkubwa hana haraka ya chakula. Mwenye haraka ni sisi.

Kwa hiyo panya mzuri ni yupi? Macho yanang'aa na hayana machozi. Manyoya yamelala, hayajasimama kama ya mtu anayetetemeka. Mkia msafi, nyuma pakavu, pumzi haina sauti. Mshikeni tumboni: awe amejaa, lakini asiwe laini kama andazi. Panya aliyelishwa pumba za mahindi peke yake ananenepa bila kukomaa, na nyoka anayemla ananenepa vilevile, halafu anachoka, halafu hujui anaumwa nini. Nyoka hali mboga, hali maharagwe, hali samaki. Anakula vyote hivyo vikiwa ndani ya panya. Mimi nilichanganya pumba na maharagwe yaliyopikwa, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa na kusagwa, na majani ya viazi vitamu. Maharagwe mabichi hapana, yanawaumiza. Unene wa panya usizidi sehemu nene ya mwili wa nyoka. Na akishamla, mwacheni. Msimbebe kumwonyesha mgeni. Baridi ya huku kwetu inaweza kuozesha chakula tumboni mwake, kwa hiyo bidoni, yaani dumu, ya maji ya moto iwe upande mmoja wa sanduku lake, upande mwingine abakiwe na pa kukimbilia joto likimzidi.

Panya wa kutegwa, hapana. Najua vijana fulani wa Kashuga wanawategea kwenye maghala na kuwauza kwa bei ndogo. Panya wa ghala amekula nini? Watu wamechoka, wanaweka sumu kila kona, na panya mwenye sumu tumboni hutembea siku kadhaa akionekana mzima. Ukimpa nyoka, umempa na sumu yake.

Kuna jambo jingine mtaulizwa, afadhali mjiandae. Mtaulizwa kwa nini mnawapa panya chakula wakati watu hawana. Mimi niliulizwa, na aliyeniuliza alikuwa na haki. Mwaka mmoja familia nyingi zilizokimbia vita zilifika Mweso, na mama mmoja aliyekuwa amejihifadhi shuleni aliniona nimebeba sufuria ya maharagwe. Akaniomba kidogo ya watoto. Hakujua yanakwenda wapi. Mimi nilijua, na uso wangu uliwaka. Nilimpa sufuria nzima, na kesho yake tena, mpaka kwetu maharagwe yakaisha. Panya walikula majani na pumba tu, na wale majike wenye watoto wakaanza kula watoto wao, kama wanavyofanya wakipungukiwa. Sikujuta, lakini sikulala vizuri pia. Papa Anselme aliponiuliza swali lake nilimwambia, "Hapana, Papa, mwezi huu hakuna hata mmoja iko muzuri." Akasema tutangoja. Tulingoja wiki tano. Direktrisi hakufa.

Halafu ikafika zamu yetu ya kukimbia. Milio ilianza upande wa milimani asubuhi watu wakiwa shambani, na kufikia saa sita barabara ya Kashuga ilikuwa imejaa. Papa Anselme alimtia Direktrisi kwenye gunia, akamfunga juu ya baiskeli, Mushipi akiwa kiunoni chini ya koti. Mimi nilichukua panya wa mbegu, majike manne na dume mmoja, kwenye kikapu chenye kifuniko, nikakibeba mgongoni nikakifunga kwa kitenge. Ningefanyaje? Mikono yote ilikuwa na vitu. Njiani mama mmoja, mwema kabisa, akaanza kutembea sambamba nami.

"Mama, mutoto iko nalia sauti ya chini sana. Mupatie ziwa."

Nikamwambia amekwisha kunyonya. Akasema basi amebanwa, nimpe amshike kidogo nipumzike. Nikasema ana homa. Akasema homa inataka mikono miwili, si mmoja. Nilitembea kilomita nzima nikikataa wema wa yule mama, nikiwa na hofu ya risasi na hofu ya kitenge kwa kipimo kilekile. Mwishowe mkia ukatoka pembeni mwa kitambaa. Mama yule aliutazama, akanitazama, akasema tu, "Mungu akulindie," akapunguza mwendo. Leo mnacheka. Siku ile sikucheka.

Tuliporudi Mweso baada ya wiki kadhaa, panya wangu walikuwa wamerudi na utitiri waliouokota kwenye nyasi tulizolalia. Walijikuna mchana kutwa. Wakaanza kutoka vidonda shingoni, na walioanza kuzaa wakaacha kunyonyesha. Papa Anselme alikuwa amekonda, Direktrisi hajala tangu tuondoke, na mimi ndiye niliyeshika chakula chake. Nikaona nikichelewa kila kitu kitaharibika mikononi mwangu.

Sasa fikirini kama mimi nilivyofikiri. Binti wa zizi akimwona mnyama anajikuna, anafikiria dawa ya kupe. Hakuna la pili. Tangu nina miaka kumi nilikuwa nashika pompi kule Karuba, nawapulizia ng'ombe mgongoni, chini ya mkia, kwenye masikio, na kupe wanaanguka kama mbegu. Dawa ile ilitulindia mali yote ya nyumba. Kwangu ilikuwa kitu kizuri kuliko sabuni. Nikamwomba Désiré, akanitilia kidogo kwenye chupa ya soda, akaniuliza kama panya wangu wataogeshwa na shingo pia. Nikatia kifuniko kimoja kwenye beseni la maji, na nikawatumbukiza mmoja mmoja hadi shingoni, wakubwa na wadogo, wote, nikawaanika juani kwenye kikapu. Baada ya siku mbili hakuna aliyejikuna. Niliona fahari. Nilikuwa nimetumia akili ya kwetu katika kazi ya mwalimu, na sikumwambia, nikingoja anisifu mwenyewe.

Sikukumbuka kitu kimoja, ambacho mtoto yeyote wa Karuba anakijua: ng'ombe akipuliziwa dawa, kuna siku za kungoja kabla ya kunywa maziwa yake. Nyoka hanywi maziwa ya panya. Anammeza panya mzima, na ngozi yake, na manyoya yake, na kila kilichoshikwa na manyoya hayo.

Siku ya kumlisha Direktrisi ilipofika nilichagua mkubwa kuliko wote. Papa Anselme akamshika mkia. "Iko muzuri?" Nikajibu, "Iko muzuri, Papa," na siku hiyo, nawaapia, niliamini nilichosema.

Kesho yake asubuhi nilimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku. Direktrisi alikuwa ameinua kichwa kutazama dari, kinatetemeka, kisha kinaanguka. Mwili ulikuwa umejisokota, tumbo juu, na hakuweza kujigeuza. Chatu mzima wa unene wa paja langu hakuweza kujigeuza.

"Ni baridi," alisema Papa Anselme. "Tulimukimbiza mu baridi. Nitilie maji ingine ku moto."

Nilienda kutia maji motoni. Nilipoileta bidoni niliinama karibu na sanduku, na kutoka kinywani mwa Direktrisi nikapata harufu ya Karuba. Harufu ya zizi siku ya pompi. Nilijua palepale. Nilijua kama mtu anavyojua jina lake.

Na sikusema.

Mtaniuliza kwa nini, na mimi nimejiuliza miaka yote hii. Niliogopa ataninyang'anya kazi. Niliogopa Désiré atasikia, na kicheko kile kitaanza upya, safari hii kikiwa na sababu. Lakini zaidi ya yote niliogopa uso wa Papa Anselme. Nilijiambia ngoja nione, pengine ni baridi kweli, pengine jioni atageuka. Yeye aliongeza bidoni za maji ya moto, akamfunika kwa blanketi lake mwenyewe, akamwimbia wimbo wa shule. Mimi nilisimama mlangoni nikisaidia kuleta maji, tena kwa bidii kubwa, kama watu wenye hatia wanavyosaidia.

Siku iliyofuata ilikuwa ya Mushipi. Panya wadogo nao nilikuwa nimewatumbukiza. Sikuwa na hata mmoja ambaye hakupita kwenye beseni lile. Nilimchukua mmoja nikamwosha kwa sabuni mara tatu, nikamnusa, nikamwosha tena, nikijiambia sabuni imeondoa. Papa Anselme alikuwa hajalala, macho mekundu. Aliposikia hatua zangu hakusimama, alinyoosha mkono tu. Nilitumaini siku hiyo, kwa uchovu wake, atasahau kuuliza.

"Iko muzuri, Mama Neema?"

"Iko muzuri, Papa."

Mushipi alimla vizuri. Kesho yake kabla ya saa sita Papa Anselme alikuwa anamwagia maji ya vuguvugu Direktrisi, na alipojishika kiunoni, alikomhifadhi apate joto la mwili wake, kumtuliza yule mdogo, akakuta amelegea. Alimfungua kiunoni kama anafungua mkanda, akamlaza kwenye kiganja. Hakutetemeka hata kidogo. Mushipi alikuwa ameshakufa.

Hapo ndipo niliposema. Nilisema yote, beseni, kifuniko, chupa ya soda, harufu niliyoipata juzi yake. Papa Anselme hakupiga kelele. Aliniuliza kwanza niliwatumbukiza wangapi. Kisha akaniuliza nilichanganya na maji kiasi gani. Akaondoa blanketi, akaondoa matandiko yote, akamwosha Direktrisi kinywa na ngozi kwa maji safi, akafungua dirisha, na akampunguzia joto, maana kumbe joto tulilomwongezea siku mbili lilikuwa linamtesa zaidi. Alipomaliza yote hayo alikaa chini, Mushipi bado yuko kwenye kitambaa pembeni yake.

"Nilikuwa nakuuliza juu unijibu, Mama Neema," alisema. "Haikuwa salamu."

Niliwaua panya wote na kuwazika, mbegu nzima niliyoibeba mgongoni hadi Kashuga. Tulianza upya na jozi moja iliyotoka Masisi. Masanduku niliyamwagia maji yanayochemka na kuyaanika juani wiki mbili. Na hiyo ndiyo dawa ya utitiri, Furaha, kama unasoma: tupa matandiko yote uyachome, chemsha maji, anika, tenga wanaojikuna, badilisha majani kila siku, rudia, na usilishe nyoka kwa panya wa sanduku lile mpaka uwe na hakika. Inachosha. Inachukua muda mrefu. Hakuna njia ya mkato ambayo haipiti tumboni mwa nyoka.

Direktrisi alipona nusu. Ilichukua zaidi ya miezi miwili kabla hajala tena. Hadi leo kichwa chake kimeinamia kushoto, na akitaka kumkamata panya anakosa, anapiga hewa, kwa hiyo ni lazima umsogezee chakula hadi puani. Papa Anselme hakunifukuza. Ningependa angenifukuza. Aliendelea kuniuliza swali lilelile, siku zote za kulisha. Tangu hapo sikujibu tena kwa maneno mawili. Nilimweleza panya amekula nini, amelala wapi, jirani yake alikuwa nani, alipiga chafya mara ngapi. Wakati mwingine chakula kilipoa mkononi mwangu kabla sijamaliza, ikabidi tukipashe upya.

Sasa Papa Anselme ni mzee sana. Macho yake yameingia ukungu. Haoni tena pua yenye kigaga, haoni manyoya yaliyosimama, wala mkia mchafu. Amebaki na swali tu, na jibu la huyo anayemletea. Hii ndiyo hofu yangu, vijana. Kwangu mimi alikuwa na macho ya kunisahihisha. Kwenu hana.

Nilikuwa nimeandika hadi hapa ilipofika Alhamisi, siku ya Direktrisi. Furaha alipita na mfuko wake wa maji ya moto, nikachukua fimbo nikamfuata ingawa hakuniita. Njia nzima sikumuuliza kitu. Niliogopa nikimuuliza nitamjibia.

Papa Anselme alitusikia, akanyoosha mkono. Furaha akampa mkia wa panya. Panya mzuri kwa macho yangu, manyoya laini, tumbo limejaa.

"Iko muzuri?"

Furaha alinitazama. Mimi nikatazama chini. Nilijua anataka niseme, nikakumbuka mlango ule ule na mimi nikiwa na umri kama wake.

"Sijue, Papa," alisema Furaha. "Kuna moja nilishapuliziaka kadawa kalibakia mu chupa, Siku ya Mungu, mbele Mama mukubwa hajanikataza. Nilipimia tu kuona kama itasaidia. Nikaitoa, lakini hii ilikuwa nayo mu sanduku moja. Sijue kama imeipanguzia dawa."

Papa Anselme akavuta mkono wake taratibu. Akamrudishia panya.

"Aksanti, mutoto wangu. Basi tutangoja."

Nililia pale mlangoni, na sikujali nani ananiona. Miaka yote niliyofanya kazi ile sikuwahi kulitamka neno lile, sijui, na siku mbili zile lilikuwa neno pekee nililohitaji. Direktrisi aliinua kichwa chake kilichoinama, akatutazama, kisha akakishusha juu ya bidoni akalala.

Tulipokuwa tunarudi, Furaha alikuwa na huzuni. Aliubeba ule mfuko kama mtu aliyeshindwa mtihani.

"Lakini Mama mukubwa, Direktrisi atalala njaa."

Nikamwambia nyoka anaweza kukaa mwezi mzima bila kula na asidhurike. Nikamwambia hilo nilikuwa nalijua tangu mwaka wangu wa kwanza wa kazi, tulikuwa tumeshangoja wiki tano wakati wa maharagwe, na nililijua hata asubuhi ile niliyosimama na sabuni mikononi. Furaha hakuelewa kwa nini nimesimama katikati ya njia. Mushipi alikuwa amekula wiki iliyotangulia, kabla ya beseni. Hakuwa hata na njaa.